Ufunguo wa Kumbukumbu Usiwe kwa Mtu Mmoja

Ndugu Watendaji wa Kata na Vijiji,

Firefox ni kivinjari huria. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Hata hivyo, kwa miaka mingi kilitegemea Flash, programu-jalizi ya kampuni ya Adobe, ili kuonesha video na masomo ya mtandaoni. Msimbo wa Flash ulikuwa siri ya mwenyewe: kasoro ya usalama ilipogunduliwa, Adobe pekee ndiyo iliyoweza kuiziba.

Julai 2017 Adobe ilitangaza ukomo wa Flash, na tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha kuihudumia. Januari 2021 toleo la 85 la Firefox likatoka bila kuikubali kabisa. Kivinjari kikawa salama zaidi. Hasara ikawaangukia waliohifadhi kazi zao katika Flash pekee na kuchelewa kuzihamisha.

Kumbukumbu za wananchi ni amana. Zihifadhiwe katika miundo inayofunguka kwa programu zaidi ya moja. Kompyuta ya ofisi yenye Flash hadi leo, iondolewe; wala nakala zake zinazozagaa mitandaoni zisipakuliwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.