BINTI SI KOSA LA MAMA YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

 

Nimetakiwa niseme juu ya idadi ya watoto wa kiume na wa kike wanaozaliwa, na madhara yampatayo binadamu atakapo kuigeuza. Jambo hili laonekana kuwa la mbali, kumbe limo nyumbani mwetu.

Tuanze na hesabu. Ulimwenguni, kwa kawaida, pakizaliwa wasichana 100 huzaliwa wavulana wapatao 105; na katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ni kama 103. Watoto wa kiume ni dhaifu zaidi katika miezi yao ya kwanza, nao hufa wengi kuliko wa kike. Basi wafikapo umri wa kuoa, makundi mawili yamekwisha karibiana. Hiyo ndiyo mizani ya Mwenyezi Mungu.

Ama sababu yake, mwaka 1905 mtaalamu wa Marekani, Bibi Nettie Stevens, alionyesha kwa kuchunguza wadudu ya kuwa jinsia hutokana na mbegu ya dume. Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Yai la mama ni la namna moja daima; mbegu za baba ni za namna mbili, moja huleta mwana na nyingine binti. Basi mume amwambiaye mkewe, "Wewe wanizalia wasichana tu," amlaumu asiye na kosa. Wala mume naye hachagui. Mpaji ni Mungu.

Wako waliotaka kuchagua. Tangu miaka ya 1980, mashine za kutazama mimba zilipoenea, watu wengi wa China, India na Korea ya Kusini waliziharibu mimba za kike. Mwaka 1990 Korea ilipata wavulana 116 kwa wasichana 100. China ilizidi 115 katika miaka ya 2000 hadi 2010. India ilikataza kwa sheria mwaka 1994, hata hivyo hesabu ya watu ya 2011 ilikuta wasichana 918 tu kwa wavulana 1,000 wasiotimia miaka saba. Matunda yake ni vijana wasiopata wake, wanawake kuuzwa kutoka nchi jirani, na afya za mama kuharibika. Je, hayo yana tofauti gani na Jahiliya, walipozikwa mabinti wakiwa hai, Kurani ikalikemea tendo hilo?

Korea ilirejea kwenye mizani yapata mwaka 2007, kwa kuwa binti alisoma, akafanya kazi, akawatunza wazazi wake, na heshima yake ikapanda.

Hapa kwetu mimba hazichaguliwi hivyo, lakini tamaa ya mwana wa kiume hupita njia nyingine. Kwa mila ya Burundi shamba hurithiwa na wana wa kiume. Nyumba isiyo na mwana yaogopa kupotea. Mama mwenye mabinti watano huambiwa azae wa sita na wa saba, pasipo kupumzika. Mwili uliochoka hupungukiwa na damu, na uzazi wake huwa wa hatari. Uchunguzi wa nchi yetu wa mwaka 2016 na 2017 ulikadiria mama 334 kufa kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa. Huko ng'ambo aliangamia binti. Huku kwetu huweza kuangamia mama.

Ndugu zangu, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na mabinti wanne, na wanawe wa kiume walifariki wangali wadogo, kizazi chake kimetujia kwa Bibi Fatuma. Nani atasema nyumba yake ilipotea?

Basi yatupasa tusimlaumu mke wala kumwacha kwa ajili ya mabinti. Tumwache anyonyeshe miaka miwili kabla ya mimba nyingine, na siku zake zikifika tumpeleke zahanati mapema. Serikali iliondoa malipo ya uzazi tangu mwaka 2006. Na tumpe binti fungu lake la mirathi kama dini ilivyoamuru, kwani amnyimaye ndiye afanyaye kuzaliwa kwake kuogopwe.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wema, wa kiume na wa kike, na awahifadhi mama zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.