Kumtegemea Mungu Mipango Inapoharibika



Yubile ya usharika kwa kawaida huhesabu yaliyofanikiwa: majengo, shule, idadi ya waliobatizwa. Ni haki kufanya hivyo. Lakini historia ya Injili katika nchi ya Meru inawakumbusha Wakristo kwamba kazi hii ilianza kwa mpango ulioharibika.

Mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili vijana wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka Kilimanjaro wakafika Akeri, chini ya Mlima Meru, ili kuanzisha kituo. Kabla kazi haijaanza waliuawa usiku na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuujua utawala wa Kijerumani kwa bunduki zake, na hawakuona tofauti kati ya askari na mhubiri. Serikali ya kikoloni ikalipiza kisasi kwa ukali, watu wengi wakafa na mifugo ikatekwa. Mlango ulionekana kufungwa mara mbili: kwa damu ya wajumbe, na kwa damu ya wale waliotumwa kwao.

Kumtegemea Mungu katika hali kama hiyo si kuyaita mabaya kuwa mema, wala kumtwika Mungu makosa ya wanadamu. Ni kukataa kisasi kiwe neno la mwisho. Mwaka 1902 misheni ilirudi, ikaanza kazi Nkoaranga. Ilirudi kwa watu wenye makovu, waliokuwa na kila sababu ya kutoamini maneno ya mgeni. Ilibidi kujifunza lugha yao, kufundisha, na kungoja.

Mtume Paulo naye alikusudia kwenda Bithinia, akazuiwa, akaelekezwa Makedonia (Matendo 16). Hata huko Filipi alipigwa viboko na kutiwa gerezani. Njia aliyoichagua Mungu haikukosa mateso, lakini usiku ule ule mlinzi wa gereza alibatizwa pamoja na jamaa yake.

Mipango ya sharika bado huharibika. Ahadi za michango hazitimizwi, jengo husimama kwenye lenta miaka mingi, viongozi hutofautiana. Wakati huo Baraza la Wazee huweza kutafuta wa kulaumiwa, au huweza kuomba, kupatana na kuanza upya kwa kile kilichopo. Njia ya pili ni ndefu, nayo ndiyo iliyofika Meru.

Leo wanaohubiri Injili chini ya mlima ule ni watoto wa nchi ile ile. Hakuna kamati iliyoweza kulipanga jambo hilo mwaka 1896. Heri usharika unaopanga kwa bidii, na mipango ikianguka, usiiache kazi wala Mwenye kazi.

Amina.