Maji ya Kisima na Fedha za Wanachama

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Zinga)



Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu vya hesabu, nami nitafika huko. Naomba ruhusa nianzie Karatu, katika kijiji cha Gongali, alikokulia Dakta Askwar Hilonga.

Mtu huyu alilelewa penye maji machafu, na nyumba yao iliyajua vema magonjwa ya maji hayo. Alisomea uhandisi wa kemikali, akafika hadi Korea Kusini, akapata shahada ya udaktari katika elimu ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, iitwayo nanoteknolojia. Aliporejea alikuwa mhadhiri katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na elimu ile akaielekeza kwenye ndoo ya maji. Chujio lake la mchanga, lililoongezwa chembe hizo, lilimpatia mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi pamoja na pauni 25,000. Alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo.

Lililonivutia mimi ni utaratibu wake. Hupimwa kwanza maji ya mahali, ndipo chujio hutengenezwa kulingana na uchafu uliopatikana. Mchanga huzuia takataka. Chembe zile hunasa vitu kama floridi, ambayo huko Arusha huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi sana hupinda mifupa. Wala usidhani kuchemsha kunatosha: maji yakipungua sufuriani, floridi huzidi kukolea. Kwa wasio na uwezo wa kununua chujio, vilianzishwa vituo vya kuuzia maji yaliyochujwa.

Huku pwani adui yetu ni chumvi, na mchanga hauiondoi. Maji baridi ya mvua, kwa kuwa ni mepesi, hukaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari. Ukivuta kwa pupa wakati wa kiangazi, maji chumvi hupanda.

Chama kimoja nilichokikagua, ambacho sitakitaja, kilichimba kisima nyuma ya ghala mwezi wa Mei. Wajumbe wa bodi walionja kwa kata, wakasema ni matamu, wakaidhinisha pampu, tangi na mabomba. Kufika Januari hata mbuzi waliyakataa. Nilipoomba cheti cha upimaji nikaonyeshwa muhtasari wa mkutano ulioandikwa: "Maji yameonjwa na kuonekana mazuri." Nilicheka, kisha nikaona haya, maana mwanachama mmoja mzee aliniuliza, "Mwanangu, korosho zangu ndizo zilizonunua chumvi ile?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Basi, ndugu makatibu, tufike kwenye vitabu. Kuanzia makisio yajayo, hati yoyote ya malipo ya kisima nitaitaka iambatane na majibu ya maabara ya ubora wa maji, ya masika na ya kiangazi, pamoja na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2009. Muuza machujio naye akija na picha zake nzuri, mwulizeni chujio lake limetengenezwa kwa maji ya wapi. Pasipo karatasi hizo nitaandika hoja ya ukaguzi, na bodi itaijibu mbele ya mkutano mkuu.