Siku ya Safari: Arusha hata Singida kwa Njia ya Katesh
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya safari ya pamoja kutoka Arusha hata Singida. Halmashauri imekwisha kuikubali safari yenyewe. Lililobaki ni shauri la siku ya njiani. Wako wenzetu wasemao kwamba siku hiyo ni ya kukaa garini tu, na afadhali tupite moja kwa moja tuwahi kufika. Sisi twaona vingine, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, njia. Safari yote ni zaidi ya kilomita 300. Zamani kipande cha kutoka Minjingu mpaka Singida kilikuwa vumbi kiangazi na matope masika, wala msafiri hakuweza kuahidi saa ya kufika. Siku hizi ni lami. Makuyuni tutaiacha njia ya Karatu na Ngorongoro, ambako hugeukia wageni wengi wa nchi za mbali, nasi tutashika ya Minjingu, Magugu penye mashamba ya mpunga, na Babati penye ziwa lenye viboko. Mbele yake mlima Hanang husimama peke yake, kimo chake zaidi ya mita 3,400, na mguuni pake ndipo palipo Katesh.

Pili, watu wa Katesh. Siku ya mnada hapo husikika Kidatoga cha Wabarabaig wafuga ng'ombe, Kiiraqw cha wakulima, na Kinyaturu cha watu watokao upande wa Singida. Lugha hizi tatu hazina udugu wa asili, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho wasemaji wake. Sisi tuandikao Kiswahili kila siku ofisini, yatufaa tukakione kikifanya kazi hiyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakateremka mabondeni yakaingia Katesh na vijiji vya karibu, Gendabi mojawapo. Watu zaidi ya 60 walikufa, na wengi walipoteza nyumba na mali. Wengi wetu tuliyajua hayo kwa karatasi: hesabu za waliokufa, hesabu za kaya, hesabu za mablanketi. Hesabu ni kazi yetu, wala hatuidharau; lakini karani asiyepata kuona mahali anapopaandika huweza kusahau kwamba kila tarakimu ilikuwa na jina.

Mwenzetu mmoja ameuliza, je, si aibu kwenda kutazama msiba wa watu? Ni swali la haki. Kama tungekwenda kupiga picha za makaburi, ingekuwa aibu. Bali tukishuka, tukaamkia wazee, tukala kwa mama lishe wa pale, tukanunua sokoni kwa bei ya haki, hiyo si aibu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji ulio njiani hupona kwa wasafiri wanaosimama, si kwa vumbi la wanaopita.

Basi taratibu yetu ni hii. Tuondoke Arusha saa kumi na mbili asubuhi. Tufike Katesh saa tano, tukae mpaka saa nane, kisha twende Singida tufike kabla ya jua kuchwa. Awepo kiongozi mmoja mwenye orodha ya majina, ahesabu watu kila gari lisimamapo. Fedha ya chakula cha mchana isitumike Arusha kununua mikate; itumike Katesh. Asiyeruhusiwa na mwenyewe asimpige mtu picha.

Twajua kwamba saa hizo tatu zitatupunguzia nafasi ya kutembea Singida jioni ile. Ziwa Singidani litakuwapo kesho yake. Bwana Rais, twaomba shauri hili lipigiwe kura.