Miiko ya Chakula kwa Wanaotumia Dawa za Sonona

(Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Nimeombwa nizungumzie vyakula wasivyopaswa kula ndugu zetu wanaotumia dawa za sonona. Huko sharikani miiko imekuwa mingi kuliko vidonge. Mgonjwa anakatazwa maharage, mayai, maziwa mgando, hata dagaa. Mwisho anaona heri aache dawa ili ale na wenzake. Kuacha ghafla kunaweza kumletea kizunguzungu na kukosa usingizi, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi.

Mwiko wenyewe una asili yake. Mwaka 1952, huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kupita ilivyotarajiwa. Ndipo zikapatikana dawa za kwanza za sonona. Dawa za jamii hiyo huuzuia mwili usivunje tiramini, kitu kilichomo katika vyakula vilivyochachuka au kukaa muda mrefu. Tiramini ikizidi, shinikizo la damu hupanda ghafla, kichwa huuma vibaya sana, na mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Mwaka 1963 Daktari Barry Blackwell wa London aliandika habari za wagonjwa waliopatwa na hayo baada ya kula jibini. Kwa hiyo anayetumia fenelzini au tranilsipromini ana mwiko wa kweli: jibini lililokomaa, nyama iliyohifadhiwa muda mrefu, sosi ya soya na pombe za kienyeji, mbege ikiwemo.

Lakini amitriptilini na fluoksetini, ambazo ndizo tunazokutana nazo zaidi vijijini, haziko katika jamii hiyo. Mgonjwa ale maharage yake na maziwa yake. Amitriptilini hukausha mdomo na kufunga choo, hivyo anahitaji maji, mboga za majani na matunda kuliko sisi. Anayetumia sertralini aepuke balungi, kwani linaweza kuongeza nguvu ya dawa mwilini.

Kinachobaki ni pombe, na hapo ndipo tunapofumba macho. Tunamnyima mtu mayai, kisha kwenye harusi tunampa kibuyu! Amitriptilini huleta usingizi. Ikikutana na pombe mtu hulegea, huanguka, na akinywa nyingi pumzi yake inaweza kufifia. Akiendesha pikipiki, hatari si yake peke yake. Pombe pia huzidisha sonona yenyewe. Na anayetumia mitishamba amwambie mganga wa zahanati bila kuona haya, maana baadhi huingiliana na vidonge.

Kwa hiyo wanaotembelea wagonjwa waanze kwa kusoma jina la dawa kwenye bahasha kabla ya kukataza chochote. Jina wasilolifahamu walipeleke zahanati.

Wafadhili wetu wameuliza kama wanunue chakula maalumu kwa wagonjwa hawa. Kwa maoni yangu, hapana. Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nguvu zake, na wengi hukata tamaa katika wiki hizo, au hukosa nauli ya kurudi kliniki. Naomba fedha hiyo iwe nauli.