Macho Mekundu na Hukumu Iliyotangulia



Nimeombwa nizungumzie tabia ya kupima utu wa mtu kwa sura yake. Nimechagua kwenda mahali ambapo tabia hiyo inaua. Usukumani, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa miongo mingi, vikongwe wamekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, na sababu inayotajwa asubuhi yake ni kwamba macho yao yalikuwa mekundu, yaani ni wachawi.

Ingia jikoni kwa bibi wa Magu au Meatu anaposonga ugali wa mchana. Kibanda hakina dirisha. Kuna mafiga matatu, sufuria nyeusi, na pembeni rundo la samadi iliyoanikwa ikakauka, kwa kuwa kuni hazipatikani: miti ilifyekwa enzi ya mkoloni ili kumfukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha mashamba ya pamba. Samadi haiwaki vizuri, inafuka. Bibi anainama, anapuliza, anajifuta machozi kwa upindo wa khanga, anainama tena. Kazi hiyo ameianza akiwa msichana na hajawahi kuiacha. Ongeza vumbi la kiangazi, na kwa wengine trakoma. Uzeeni macho yameiva, na wanaoyanyooshea kidole ni vijana waliokuzwa kwa chakula cha moto uleule.

Maelezo haya ya moshi si mageni. Wanakijiji wenyewe wanajua kwamba moshi unawasha macho. Kwa nini basi ujuzi huo haumwokoi bibi? Ndilo swali lililonileta hapa.

Kama macho yangekuwa ndiyo chanzo, mauaji yangelingana mwaka hadi mwaka, maana moshi ni uleule. Hayalingani. Mwaka 2005 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake kuhusu vijiji vya Meatu. Katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yalifikia takribani maradufu ya miaka ya kawaida, ilhali mauaji mengine hayakupanda hivyo. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi mkono wa ndugu ulikuwemo. Macho ya bibi yalikuwa yaleyale miaka yote. Kilichobadilika ni akiba ya nafaka ghalani.

Fuateni mlolongo wenyewe. Mvua imegoma, au mtoto amekufa kwa homa. Familia inakwenda kwa mpiga ramli chonganishi. Anaambiwa shida, anauliza maswali, kisha anasema adui yuko karibu, ni mwanamke, ni mtu mzima. Mjane mwenye shamba zuri na asiye na mtu wa kumtetea anaanza kutazamwa upya. Hapo ndipo macho yanapokumbukwa. Kwa hiyo nasema: sura haianzishi hukumu, inaitwa kuwa shahidi baada ya hukumu kwisha kutolewa. Kazi yake ni kutuliza dhamiri za watakaonufaika.

Na sisi wasomi tusijitoe. Mwaka 1876 daktari wa Kiitalia Cesare Lombroso alichapisha kitabu akidai kwamba mhalifu wa kuzaliwa anatambulika kwa taya, masikio na umbo la fuvu. Mafuvu na nyuso za wahalifu alizozipima zilikuwa za watu waliokwisha kutiwa hatiani, na fuvu alilolienzi kuliko yote lilikuwa la mtu wa Calabria, kusini maskini mwa Italia. Mahakama ilitangulia, rula ikafuata. Mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza Uingereza, alitoa matokeo ya kuwapima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wengine, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu na askari. Ile sura ya mhalifu hakuiona. Lakini kwa karibu miaka 40 upuuzi ule ulikuwa umefundishwa kama sayansi.

Turudi nyumbani. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watu kufia mikononi mwa vyombo vya dola, katika operesheni ya kukomesha mauaji ya imani za uchawi Mwanza na Shinyanga. Tunausifu uwajibikaji ule, na ni haki yake. Inaniuma kwamba wazee waliouawa kabla ya operesheni hatuwataji kabisa.

Huko Magu, MAPERECE, shirika linalohudumia wazee, limehimiza majiko yasiyo na moshi mwingi. Nayaunga mkono kwa moyo wote, kwani mapafu ya bibi na ya wajukuu wake yanapata nafuu. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tunamwambia mwanamke asafishe macho yake ndipo aishi. Na mwakani mvua ikigoma, kitatafutwa kingine: makunyanzi, jino moja lililobaki, tabia ya kukaa peke yake.

Ndiyo maana nataka tuzungumze habari ya shamba. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, linasema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa Kitanzania walionyimwa urithi, ikakuta kwamba haki zao zilivunjwa. Mwanamke ambaye sheria inamhesabu kuwa mpangaji katika shamba alilolima maisha yake yote ni rahisi sana kumzushia uchawi. Wenzangu wa kitivo cha sheria, nawaomba kanuni hiyo ya mwaka 1963 iwe kazi yetu ya kwanza ya pamoja, na tuianze na wajane wenyewe wakiwa wamekaa mezani.