Kumkaribia Nzohe bila Kumshtua



Tangu mwaka 1977 uwindaji umepigwa marufuku katika Kenya. Lakini maarifa ya kunyatia waliyotuachia wazee hayakupigwa marufuku. Nendeni nayo Saiwa, mbele ya Kitale, kwenye hifadhi iliyowekwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, ndugu yake kulungu akaaye kinamasini. Mahali hapo ni padogo mno, yapata kilometa 3 tu za mraba, na pande zote ni mashamba. Nzohe akishtuliwa hana kwingine pa kukimbilia: huzama majini, akabakiza pua, na malisho yake ya asubuhi yamekwisha.

Basi fikeni alfajiri. Kwanza pimeni upepo kwa vumbi kidogo. Ukivuma kutoka nyuma yenu, zungukeni upande wa pili. Baada ya mvua majani huwa laini, hayatoi sauti. Wakati wa kiangazi kila jani hulia, kwa hiyo endeni hatua tatu, simameni, sikilizeni. Juu ya njia za mbao zipitazo kinamasini, mwendo mzito husikika mbali zaidi kuliko mnavyodhani. Ukungu ukitanda msiuone kuwa ni rafiki; pandeni jukwaani mngoje uinuke. Nguo nyeupe ziacheni nyumbani, na mwenye kikohozi pia.